KIFUNGU CHA KUMI NA TANO: MAANA NA HISTORIA YA MSEMO WA KUJITAFUTIA KATIKA KISWAHILI CHA KATANGA

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza asili, maana na matumizi ya msemo mmoja unaosikika mara kwa mara vinywani mwa wasemaji wa Kiswahili wa Katanga: "article 15", yaani kifungu cha kumi na tano. Msemo huo husemwa kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, wala hauhitaji kufasiriwa kwa Mkongo. Mchuuzi wa samaki wa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, akiulizwa anaishije, na mwalimu wa Lubumbashi ambaye mshahara wake haujafika, wote wawili waweza kujibu hivyo na muulizaji akaelewa. Maana yake ni: jitafutie mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayekutafutia.

Swali lililotusukuma kuandika ni la tafsiri. Mwanafunzi anayekutana na msemo huu katika maandishi au masimulizi huelekea kuuhesabu pamoja na nahau za Kiingereza zihusuzo kutenda jambo pasipo maandalizi, akautafsiri kwa "kubahatisha"; au huuona kuwa sawa na "kujitegemea"; au, kama ilivyozoeleka siku hizi katika ripoti za miradi, huuita "ujasiriamali". Tutajaribu kuonyesha kwamba tafsiri zote tatu hupoteza kiini cha msemo. Kiini hicho si ustadi wa mtendaji, bali ni deni la yule aliyepaswa kumtendea.

2. Nahau za Kiingereza

Ni vema tuanze na nahau hizo za Kiingereza, kwani tofauti itaonekana wazi zaidi. Tatu zinatosha kwa mfano. Ya kwanza, "to play it by ear", imetoka kwa wanamuziki: ni kupiga ala kwa kufuata sikio, bila karatasi ya noti mbele ya macho. Ya pili, "to wing it", imetoka katika jumba la maigizo, na matumizi yake yanajulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwigizaji aliyepewa sehemu kwa ghafla, asipate muda wa kuikariri, alijifunza maneno yake pembeni mwa jukwaa, penye mapazia, muda mfupi kabla ya kuingia. Au alinong'onezwa kutoka huko huko pembeni. Ya tatu, "to fly by the seat of one's pants", ni ya marubani. Ndege za zamani zilikuwa na vyombo vichache vya kupimia, na rubani alitambua kuinama na kupanda kwa ndege yake kwa jinsi mwili ulivyokandamizwa kitini. Magazeti ya Marekani yaliutumia msemo huo mwaka 1938 katika habari za Douglas Corrigan, aliyeondoka New York tarehe 17 Julai akitarajiwa kwenda California, akatua Ireland siku iliyofuata na kudai kwamba dira ndiyo iliyompoteza.

Nahau hizi zina sifa tatu za pamoja. Kwanza, kila moja imezaliwa katika kazi ya ustadi, na ndani yake mna chembe ya sifa kwa mtendaji. Pili, upungufu unaozungumzwa ni wa muda: noti zipo, ila hazipo mbele ya mpigaji, maneno ya mchezo yameandikwa, ila mwigizaji hajayasoma. Tatu, hakuna mtu wa pili anayelaumiwa. Corrigan hakuambiwa na mtu avuke bahari bila dira inayoaminika.

Kiswahili nacho kina maneno ya jamii hiyo. Washairi hulumbana papo kwa papo, na anayeweza kufanya hivyo huheshimiwa kwa wepesi wake. Asiyejua kazi yake lakini akaendelea kuifanya husemwa kuwa anabangaiza. Maneno yote mawili humtazama mtendaji: la kwanza humsifu, la pili humtilia shaka. Msemo wa Katanga hautazami huko.

3. Asili ya kifungu

Asili inayosimuliwa zaidi ni ya Kasai. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe, na mwezi Agosti Kasai ya Kusini nayo ikajitangaza chini ya Albert Kalonji, makao yake yakiwa Bakwanga, mji uitwao leo Mbuji-Mayi. Waluba waliofukuzwa Luluabourg, yaani Kananga ya leo, walimiminika huko. Wengine walitoka Katanga. Katika mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembezoni mwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na katika mwaka 1962 wengi wao wakasafirishwa hadi Kasai ya Kusini. Nchi ile ndogo ilijaa watu kuliko chakula, na njaa ikaua wengi.

Hadithi husema kwamba wakimbizi walimwendea Kalonji kumwomba nyumba, chakula na kazi, naye akawajibu kwamba katiba inalo jibu katika kifungu chake cha 15: "débrouillez-vous", yaani jitafutieni. Wasimulizi huongeza kwamba katiba yenyewe ilikuwa na vifungu 14 tu.

Ni kweli kwamba dola ya Kalonji ilijipatia katiba mwezi Julai 1961. Hata hivyo hadithi hii ni ya aina inayofahamika vizuri na wanaisimu: masimulizi yanayotungwa ili kuueleza msemo ambao watu tayari wanautumia. Wako wanaomweka Mobutu mahali pa Kalonji, na hadithi haipungukiwi na kitu. Jambo hilo lenyewe lina mafunzo. Msemaji aweza kubadilika, lakini mambo manne hayabadiliki: mwombaji mwenye haki ya kuomba, mtawala, sheria, na kunyimwa kulikovishwa joho la sheria. Mzaha wote umo katika jambo hilo la nne. Mtawala hasemi "sitaki" wala "sina", anasema "imeandikwa".

Msemo ulipata nguvu mpya katika zama za Zaire. Mobutu anakumbukwa kwa hotuba ya Mei 1976 ambamo aliwaambia watu kwamba wakiiba, waibe kidogo na kwa akili. Katika miaka ya 1980 mwanamuziki Pépé Kallé aliutia msemo katika jina la wimbo wake "Article 15 Beta Libanga". Sehemu ya pili ya jina hilo ni ya Kilingala, na maana yake ni "piga jiwe": kufanya kazi ngumu isiyo na hakika ya malipo. Kwa njia ya muziki misemo yote miwili ilizunguka nchi nzima, na iliwafikia hata Wakongo wasiokijua Kilingala vizuri.

4. Umbo la kitenzi

Pamoja na msemo wa kisheria, Kiswahili cha Katanga kimekipokea kitenzi chenyewe cha Kifaransa. Husemwa "tunajidebruye", "alijidebruye", "utajidebruye namna gani?" Msomaji ataona mambo mawili ya sarufi. Kwanza, irabu ya mwisho haibadiliki kuwa -a, kama ilivyo kawaida ya vitenzi vingi vilivyotoka Kifaransa katika Kiswahili cha Kongo. Kitenzi kimeingia na sauti yake ya mwisho, na viambishi vya Kiswahili vimewekwa mbele yake. Pili, kirejeshi cha Kifaransa kimepata mwenzake kamili katika -ji-. Kwa hiyo neno ni geni kwa mzizi tu. Mwenendo wake wote ni wa Kibantu.

Mzizi nao unastahili kutazamwa. Kitenzi cha Kifaransa maana yake ya kwanza ni kufumua kitu kilichotatana, kama nyuzi. Kutokana nacho Wafaransa walipata "système D", mtindo wa kujitafutia njia, uliovuma miongoni mwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiswahili kina picha hiyo hiyo: kutatua ni kinyume cha kutatana, na matata ni mambo yaliyofungamana. Tafsiri ya kitenzi hicho iliyo karibu zaidi kwa mzizi wake ingekuwa basi "kujitatua". Wasemaji hawakuichagua. Pengine sababu ni kwamba kutatua kuna mwisho: fundo likifunguka, kazi imekwisha. Anayejidebruye leo atajidebruye na kesho.

5. Baba aliyeondoka

Kwa nini msemo uliosimuliwa kuwa wa Kasai ukawa na uchungu wa pekee Katanga? Jibu limo katika historia ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata siasa ya kumtuliza mfanyakazi pamoja na familia yake kambini: ikampa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Kiswahili cha mjini kilikua kwa sehemu kubwa katika kambi hizo. Mrithi wake, Gécamines, kampuni ya serikali, aliendeleza utaratibu huo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaeleza wafanyakazi hao na jamaa zao kuwa ni watoto waliotelekezwa na baba yao. Maneno hayo hayakutiwa chumvi. Kampuni ililisha, ilitibu, ilisomesha na iliadhibu, na kwa hayo yote iliitwa baba na mama.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka huo huo mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 9,000. Mishahara ilikoma au ilifika ikiwa haina thamani. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Kwa watu wa namna hiyo kifungu cha 15 hakikuwa mzaha wa mbali. Mke wa mfanyakazi, aliyekuwa akipokea unga kwa mizani, alianza kulima pembezoni mwa mji au kuuza mkaa. Kijana aliyetazamia kurithi kazi ya baba alishika sululu na kuchimba kwa mkono madini ambayo zamani yalichimbwa kwa mitambo. Wengine walibadilisha fedha barabarani, au waliuza petroli kwa chupa. Watafiti wengi wamestaajabia wepesi wa watu hawa, na kwa haki. Lakini wao wenyewe wanapotaja kifungu cha 15 hawajisifu. Wanataja nani ameondoka.

Mfano wa shule unatuhusu sisi wa chuo kikuu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walikubali kuchanga fedha ili madarasa yasifungwe. Ulikuwa mpango wa dharura, na uliokoa vizazi. Lakini mchango ukawa ada, ada ikapandishwa, na mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa nayo akarudishwa nyumbani. Ilipotangazwa mwezi Septemba 2019 kwamba elimu ya msingi ya serikali itatolewa bure, dharura ile ilikuwa imedumu zaidi ya robo karne. Ndiyo hali ya kifungu cha 15: huanza kama daraja la muda, kisha husahauliwa kwamba kulikuwa na barabara.

6. Maneno ya majirani

Tukilinganisha msemo huu na maneno ya nchi jirani, tutaona kwamba kila nchi ililipa jambo hili jina kulingana na mahali serikali iliposimama.

Tanzania ilitangulia na "kujitegemea", neno la Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapo dola ndiyo iliyosema, na ilisema kama kiongozi wa kazi ya pamoja: taifa zima lijitegemee, si kila mtu kivyake. Mwaka 1983 sheria ya nguvukazi iliwasaka wale waliojitafutia mjini bila kibali. Kisha katika utawala wa Ali Hassan Mwinyi, ulioanza mwaka 1985, likaja neno "ruksa", hata Rais mwenyewe akaitwa Mzee Ruksa. Dola ilikuwa imeacha kuongoza ikaanza kuruhusu. Ubongo ndio uliobaki kuwa mtaji, na jiji la Dar es Salaam likapewa jina la Bongo.

Kenya ina "jua kali". Jina limetokana na mafundi wa bati na vyuma waliofanya kazi pasipo paa, kama wale wa Kamukunji, Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwatambua, ikaanza kuwajengea vibanda na kuwataja katika mipango yake, na jina la mafundi likawa jina la sekta nzima. Hapa dola haikuongoza wala haikuruhusu tu; ilikuja kutambua kazi iliyokwishaanza, na kuahidi kivuli.

Kwa hiyo "kujitegemea" ni neno la dola inayoagiza, "ruksa" ni la dola inayoruhusu, na "jua kali" ni la mafundi ambalo dola ililipokea. "Kifungu cha 15" ni neno la wananchi juu ya dola iliyojiondoa. Mtu anayetafsiri msemo wa Kongo kwa "kujitegemea" huwatia Wakongo katika azimio ambalo hawakulipitisha.

7. Kilwa

Turudi sasa Kilwa. Mji huu mdogo uko wilaya ya Pweto, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Mweru, mwendo wa kilomita zipatazo 350 kaskazini ya Lubumbashi. Haupaswi kuchanganywa na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Samaki aina ya mpumbu, waliovuliwa kwa wingi katika ziwa hili na Mto Luapula kwa ajili ya miji ya migodi, walipungua sana kufikia miaka ya 1950. Watu wa ziwani wakageukia dagaa waitwao chisense, ambao huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, na wanawake wengi wakapata biashara humo. Huo ni ubunifu wa kweli, na kama kifungu cha 15 kingekuwa na maana hiyo tu, tungekitafsiri kwa jina lolote la sifa.

Lakini Kilwa ina historia nyingine pia. Tangu mwaka 2002 madini ya mgodi wa Dikulushi, uliomilikiwa na kampuni ya Anvil Mining, yalipitia bandari yake kuelekea Zambia. Mwezi Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Jeshi la serikali lilipourudisha mji mikononi mwake, liliua watu zaidi ya 70, kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, na magari ya kampuni yalitumiwa katika operesheni hiyo. Mwezi Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washitakiwa, wanajeshi na waliokuwa wafanyakazi wa kampuni, kuhusu makosa ya Kilwa.

Hapo jamaa za waliouawa waliambiwa, kwa vitendo, kile ambacho Kalonji wa hadithi aliwaambia wakimbizi. Nao hawakukubali. Kwa msaada wa mashirika ya haki za binadamu, mojawapo likiwa la Lubumbashi, walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2017 uliiona Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa na hatia ya kuvunja haki hizo, na ukaitaka iwalipe waathirika wanane waliotajwa dola za Kimarekani milioni 2.5. Jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu ni hili: watu hao walikijibu kifungu cha mdomo kwa kutaja vifungu vilivyoandikwa. Walijitafutia, ndiyo, ila walichokitafuta ni yule mdaiwa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba nahau za Kiingereza za kutenda bila maandalizi zimetoka jukwaani, katika muziki na angani, nazo husifu au kuchekea ustadi wa mtu mmoja katika upungufu wa muda. Msemo wa Kongo umetoka katika sheria, au katika mzaha juu ya sheria, nao hutaja upungufu wa kudumu pamoja na mwenye kuwajibika. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo mawili.

La kwanza ni kwa watafsiri. Msemo na ubaki "kifungu cha 15", ukielezwa mara ya kwanza unapotokea. Kwa wasomaji wa Tanzania, ambao katika katiba yao huita "ibara", neno "kifungu" laweza kubakizwa kama lilivyo, kwa kuwa ugeni wake utawakumbusha kwamba msemo una nchi yake. "Ujasiriamali" litumike pale tu ambapo msemaji mwenyewe anazungumzia biashara aliyoichagua.

La pili ni kwa watunga kamusi. Kidahizo chaweza kuwa hivi: "Kifungu cha 15 nm (Kongo) amri ya mzaha inayodaiwa kumtaka raia ajitafutie riziki baada ya dola au mwajiri kuacha wajibu wake, hali ya kuishi kwa namna hiyo." Bila maneno "baada ya dola au mwajiri kuacha wajibu wake", maana haijakamilika.

Tumalizie kwa vifungu vya 15 vilivyoandikwa kweli. Katika Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 15 kinazitaka mamlaka za umma zihakikishe kukomeshwa kwa ukatili wa kingono. Katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Zaire iliuridhia mwaka 1987, kifungu cha 15 kinampa kila mtu haki ya kufanya kazi katika hali ya haki na ya kuridhisha, na kupata malipo sawa kwa kazi iliyo sawa. Vyote viwili vinasema kinyume kabisa cha kile ambacho kila mtu anakijua kwa moyo. Mwalimu wa Kiswahili anayeufundisha msemo huu darasani atafanya vema kuvisoma vifungu hivyo pamoja nao, ili wanafunzi wajue ni kipi kilichoandikwa na ni kipi kilichozoeleka.